Amani Moyoni Si Muhuri: Dhana Potofu Kuhusu Kuongozwa na Imani

Waumini wengi hawakosi bidii. Wanafunga, wanakesha, wanatoa. Kinachowakwamisha ni kanuni walizosikia mara nyingi mpaka wakazichukua kama maandiko, ilhali Biblia haizisemi, na mahali pengine inasema kinyume kabisa. Hapa tumechukua zile zinazoumiza watu zaidi, pale imani inapokutana na mkataba wa kazi, gunia la mahindi, deni na chupa.

Dhana: "Nina amani moyoni, kwa hiyo Mungu ameridhia"

Ukweli: Yona alikuwa na amani ya kutosha kulala usingizi mzito chini ya merikebu huku anamkimbia Mungu (Yona 1:5). Na kama ni milango, yake ilifunguka yote. Alifika Yafa akakuta merikebu inayokwenda Tarshishi, nafasi ipo, nauli anayo. Angekuwa mmoja wetu angesimama kanisani kutoa ushuhuda. Upande wa pili yupo Bwana Yesu Gethsemane, katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, naye ana dhiki hata jasho lake likawa kama matone ya damu (Luka 22:44). Aliyeasi alilala, aliyetii alitoka jasho. Utulivu wa moyo peke yake hauwezi kutuambia tuko upande gani.

Mstari unaotumiwa sana hapa ni Wakolosai 3:15, amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu. Usomwe na majirani zake. Mstari wa 13 unazungumzia kuchukuliana na kusameheana, na wa 15 wenyewe unaendelea kusema waliitiwa amani hiyo "katika mwili mmoja". Paulo anazungumza na watu wanaokwaruzana, anawafundisha namna ya kukaa pamoja. Hakuwa anampa mtu kipimo cha kuchagua kazi au mchumba.

Basi mtu aamueje? Aanze kwa kuandika uamuzi wenyewe kwa sentensi moja, wenye mahali, watu na tarehe. Asiandike "niende Dodoma?" Aandike "niache duka la Morogoro, niajiriwe Dodoma kuanzia Machi, mke na watoto wabaki." Sentensi ikikaa hivyo, maswali yanajileta yenyewe. La kwanza: kuna jambo hapa ambalo Mungu ameshalikataza waziwazi, kama uongo, wizi au kuvunja agano la ndoa? Kama lipo, hakuna haja ya kufunga siku tatu kuuliza. La pili: gharama ya uamuzi huu atalipa nani? Huyo aitwe, akae, asikilizwe kabla ya mtu mwingine yeyote, na mara nyingi huyo ni mke au mume. Baada ya hapo tafuta washauri watatu: anayeijua kazi hiyo, anayekujua wewe na udhaifu wako, na asiyepata chochote ukienda wala ukibaki. Halafu weka tarehe ya kuamua, kwa sababu kusubiri kusiko na mwisho nako ni uamuzi.

Panapoharibika panajulikana. Mtu anamwendea mchungaji au mzee wa kanisa akiwa ameshaamua, na neno lake la kwanza ni "Mungu amesema nami". Neno hilo linamfunga mshauri mdomo. Nani atabishana na Mungu? Ukitaka ushauri wa kweli sema, "nadhani Mungu ananiongoza huku, naomba mnipime."

Na ngozi ya Gideoni, aliyoitandika ili umande umpe ishara kutoka kwa Mungu? Ukiisoma Waamuzi 6 taratibu utaona Gideoni alikuwa ameshaagizwa la kufanya tangu mstari wa 14. Mwenyewe anasema "kama ulivyonena" kabla hajatandika ngozi uwandani. Alikuwa anatafuta nguvu ya kutii alichokwisha kukisikia. Mungu alimvumilia kwa huruma, lakini hakuna mahali tumeagizwa tuige.

Dhana: "Kupanga ni kukosa imani"

Ukweli: Nehemia, mnyweshaji wa mfalme aliyetaka kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliomba tangu mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, karibu miezi minne. Siku mfalme alipomuuliza haja yake, aliomba tena kimoyomoyo, kisha akatoa mpango kamili: atatumia muda gani, barua za kupita kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme ili apewe miti ya kujengea. Alipofika Yerusalemu alitulia siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta kabla hajamwambia mtu. Adui walipotisha, waliomba Mungu na wakaweka walinzi. Vyote viwili vimo katika mstari mmoja (4:9). Ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Bajeti ya nyumbani ni sehemu ya maombi hayohayo.

Dhana: "Yeremia 29:11 ni ahadi kwamba mwaka huu nitafanikiwa"

Ukweli: Ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari unaotangulia unataja miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walikufa uhamishoni. Manabii wa uongo ndio waliowaambia watarudi karibuni. Yeremia aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji ule wa kigeni (29:5-7). Hilo ni neno zito la faraja kwa aliyekwama kwenye kazi asiyoipenda: panda bustani hapohapo ulipo.

Dhana: "Kazi ya Mungu ni ya madhabahuni, hizi nyingine ni za dunia"

Ukweli: Adamu alipewa bustani ailime na kuitunza katika Mwanzo 2:15, kabla dhambi haijaingia. Kazi haikuletwa na laana. Laana ilileta michongoma. Na Bezaleli, ambaye Kutoka 31 inasema alijazwa roho ya Mungu, alikuwa fundi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao, mtu wa kabila la Yuda, si la Lawi, ambaye hata kuhani hangeweza kuwa. Hata "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu" iliandikiwa watumwa, watu ambao kazi zao hakuna aliyeziita huduma.

Hapo ndipo mahali pa kupimia kama imani ya mtu inafanya kazi, na kwa mfanyabiashara wa nafaka kipimo hicho ni debe. Debe zima lina lita 20, na mahindi makavu hulijaza kwa kilo 17 hadi 18 hivi. Sasa angalia kwa karibu: kuna debe la kununulia, limetanuliwa na linajazwa kichuguu, na kuna la kuuzia, limebonyezwa kitako na linapitishwa ubao juu. Kumbukumbu la Torati 25:13-14 inakataza jambo hilohilo, mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Lumbesa, gunia linaloshindiliwa kupita kipimo, ni ndugu yake. Tanzania gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na kanuni za Kenya za 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mkulima bado anafungiwa gunia lenye kilemba na kulipwa kama la kawaida. Anayesema "ndivyo soko lilivyo" akumbuke kwamba Mithali 11:1 iliandikwa kwa watu wa sokoni: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA."

Udanganyifu hauko kwa mnunuzi tu. Mkulima anayeuza mahindi mabichi anauza maji. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa mpaka 13.5, kiwango salama cha kuhifadhia, zinabaki karibu 95. Kilo tano za mwenzako zimepaa, na kabla hazijapaa zimemwachia ghalani joto, ukungu na sumukuvu inayoua. Asiye na mashine ya kupimia achukue chupa ya kioo kavu, ajaze mahindi hadi theluthi, atie vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, afunge, atikise kwa dakika moja, aache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, yarudi juani. Isiponata ujue yako chini ya 15, siyo lazima yamefika 13.5, kwa hiyo siku moja zaidi ya jua haipotei.

Kwa aliyeajiriwa, saa ndizo mizani yake. Nusu saa ya ibada ndani ya muda wa kazi bila ruhusa, kwa siku 22, ni saa 11 za mwajiri kila mwezi. Omba ruhusa au fika mapema.

Dhana: "Nimetubu, Damu imefuta, hakuna cha kurudisha"

Ukweli: Msamaha ni bure, lakini mali ya mtu inabaki kuwa ya mtu. Zakayo mtoza ushuru alisema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne," na hapo ndipo Yesu akatamka kwamba wokovu umefika nyumba ile. Alipandisha mwenyewe: torati kwa aliyekiri kosa lake ilidai kitu kizima na sehemu ya tano juu yake (Hesabu 5:7). Wazee wetu walilielewa hili. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kusambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu waliorudisha walichoiba na kulipa madeni waliyokwepa. Majirani wasiosali waliusadiki wokovu walipoona mali yao imerudi.

Namna ya kufanya ni hii. Kaa na daftari, andika kila unachokumbuka: nani, nini, kiasi gani, lini. Ongeza sehemu ya tano. Kama ni shilingi 240,000, inakuwa 288,000, na kwa asiye na kitu ni 24,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Mwendee mwenyewe, taja kosa kwa jina lake, taja kiasi na tarehe, kisha nyamaza. Neno "lakini" likiingia, toba imegeuka utetezi. Mwenye mali akiwa amefariki, lipa warithi. Asipokuwa na jamaa wa kupokea, Hesabu 5:8 inaielekeza kwa Bwana.

Mambo matatu huharibu. Kwanza, kukiri hadharani huku unataja majina ya ulioshirikiana nao. Ungama ya kwako. Pili, kulipa kwa ada ya watoto, maana hapo umemwibia mwingine. Uza kilicho chako. Tatu, kukurupuka pale jambo linapogusa jinai. Mtu aliyechukua fedha za ofisi aonane kwanza na mwanasheria, siyo ili akwepe, bali ajue anachokabili na familia yake ijiandae. Zakayo alisimama mbele ya watu akijua hesabu yake.

Dhana: "Ukiokoka, pombe inaisha siku ileile, na dawa ni kukosa imani"

Ukweli: Kwa wengine hamu hukatika ghafla, na tunamshukuru Mungu. Lakini kuwafanya hao kuwa kipimo kumewaangamiza wengi. Mwili uliozoea gongo au konyagi kila siku kwa miaka ukinyimwa ghafla unaanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kuja ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na kupata homa. Hali hiyo huua. Mara nyingi watu wakiiona husema ni pepo, wanamfungia chumbani kwa maombi bila maji wala chakula. Apelekwe hospitali, ikiwezekana kabla hajaacha, na maombi yaendelee kando ya kitanda. Luka naye alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa.

Mwili ukishatulia inabaki kazi ya kila siku. Waefeso 4 inazungumza juu ya kuvua na kuvaa, na mstari wa 28 unaonyesha: mwizi asiishie kutokuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumpa mhitaji. Tabia ikitoka, shimo lake halikai tupu. Anayeacha pombe aulize saa kumi na mbili jioni atakuwa wapi, atapita njia ipi, na fedha ya siku itashikwa na nani. Ndugu wawili wanaomsindikiza nyumbani kwa siku 90 wanafaa kuliko mkutano mmoja mkubwa.

Dhana: "Panda sadaka, deni litajifuta"

Ukweli: Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao (Marko 7:9-13). Fedha ya mwenye kukudai siyo yako kuitoa madhabahuni. Mkopo wa kausha damu wa 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unakula 60,000 kila mwezi. Baada ya miezi mitano umelipa 300,000 na deni lote bado limesimama. Kwa hiyo lenye riba kubwa ndilo linaloanza kushambuliwa, na mdai anaendewa kabla hajaja.

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na mdai mlangoni aliyetaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha hakumwomba sadaka ya mbegu. Alimuuliza ana nini nyumbani, akamtuma kwa majirani kuazima vyombo vitupu, tena visiwe vichache, na mafuta yakajaza vyote. Muujiza ule ulimpa mtaji, na maelekezo yaliyofuata yalikuwa kwa mpangilio: yauze, lipa deni, kisha wewe na wanao mle kinachobaki.