Zulia la hariri la Kiajemi: tazama nyuma kwanza

Kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1878, ukoo mmoja wa mamwinyi wa Poland ulionyesha mazulia ya hariri yaliyotiwa nyuzi za fedha na dhahabu. Watu wakadhani yamefumwa Poland. Kumbe ni kazi ya miji ya Kashan na Isfahan, Uajemi (Iran ya leo) ya enzi za wafalme wa ukoo wa Wasafavi. Mwaka 1601 mfalme Sigismund III wa Poland alimtuma Sefer Muratowicz, mfanyabiashara Mwarmenia, aende Kashan kuagiza mazulia.

Leo mengi ya mazulia hayo yamepauka, na wapo wanaoyasifia kwa rangi zake za upole. Mfumaji hakukusudia upole huo. Ukiligeuza zulia, au ukipanua manyoya (ncha za nyuzi zilizosimama juu ya zulia) mpaka kwenye fundo, unakuta wekundu na kijani kilichokolea. Rangi ya juu imeliwa na mwanga.

Ndiyo maana sisi wahifadhi huanzia nyuma. Mfumaji hufunga uzi wa rangi kwenye nyuzi mbili za mtande, yaani nyuzi za urefu wa zulia, akaukata, akaendelea na fundo la pili. Safu ikiisha hupitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza mtande, na kuushindilia kwa kitana kizito. Kwa hiyo kila fundo linaonekana nyuma, na ua lililo mbele lazima lionekane na huko. Hariri ni nyembamba lakini haikatiki upesi, hivyo mafundo hukaa karibu karibu mno. Zulia la Ardabil lililoko London, la mwaka 946 Hijria (1539–40), lina manyoya ya sufu, lakini mtande na mshindio wake ni hariri. Limebeba mafundo yapatayo milioni 26.

Kashan bado wanafuma, wengi wao wanawake, na binti hujifunza kwa mama na bibi yake. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2010. Rangi nyekundu hupatikana kwenye mizizi ya mimea, na rangi nyingine kwenye maganda ya komamanga.

Ukitaka kununua, kagua matamvua: yawe ncha za mtande wenyewe. Yaliyoshonewa yaliongezwa baadaye. Uwe macho pia, kwani rayoni (hariri ya bandia) na pamba iliyong'arishwa huuzwa sana kwa jina la hariri.

Ukishakuwa nalo, liweke mbali na dirisha. Usilipige kutoa vumbi wala usilikunje kama shuka. Liviringishe kwenye bomba pana, ulifunike kwa kitambaa cha pamba.