Mwandishi wa Michezo na Timu Yake: Yanayosemwa Barazani na Yaliyo Kweli

Zanzibar mwandishi wa michezo huhukumiwa mapema kuliko mwamuzi. Akiisifu Simba, ni Simba. Akiisifu Yanga, ni Yanga. Akinyamaza, kapewa bahasha. Hukumu hizi nyingi zimesimama juu ya dhana zisizo sawa, na zinaiumiza kazi ambayo visiwa hivi vinaihitaji sana. Tuna ligi yetu, tuna Kombe la Mapinduzi, tuna timu ya taifa isiyo na kiti FIFA, na wanaoyaandika haya kwa makini ni wachache.

"Mwandishi wa kweli hana timu"

Anayo. Aliyekulia Ng'ambo, Wete au Makunduchi alirithi Simba au Yanga kwa baba au mjomba kabla hajaanza skuli, na papo hapo akawa na Malindi, KMKM au Jamhuri yake ya nyumbani. Mapenzi hayo hayamtoki siku anayokabidhiwa kinasa sauti. Anachodaiwa ni kipimo kimoja kwa wote: penalti aliyoiita halali juzi, leo ikienda upande wa pili aiite halali vilevile.

Chukua fainali ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 2024, pale uwanja wa Amaan. Mlandege iliifunga Simba 1-0 na kulitetea kombe ililolichukua 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1. Mwandishi mwenye Simba moyoni ana habari mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kwamba Simba imefungwa, kikosi kilipangwaje, nani alaumiwe. Ya pili ni kwamba klabu ya Unguja imelibeba kombe mara mbili mfululizo mbele ya vigogo wa Bara: ilizuia vipi, ilishambulia vipi, vijana wake ni akina nani na wametokea wapi. Habari ya kwanza inaweza isiwe na uongo hata chembe. Majina sawa, dakika sawa, matokeo sawa. Lakini Mlandege imefutwa ndani ya ushindi wake yenyewe.

Kwangu mimi hili ndilo kosa zito kuliko tambo zote za redioni. Mchezaji aliyepigana dakika 90 akashinda, asubuhi anafungua gazeti la kwao na kukuta habari za waliofungwa. Mhariri hawezi kulinasa kirahisi, maana hakuna sentensi ya kukata. Kilichokosekana ni maswali ambayo mwandishi hakuyauliza, kwa kuwa moyo wake ulikuwa chumba cha pili cha kubadilishia nguo.

"Akishangilia, kavunja maadili"

Inategemea ameketi wapi na anafanya kazi gani. Marekani, waandishi wa besiboli wana desturi ya tangu zamani kwamba jukwaa la wanahabari halishangilii, na desturi hiyo imeenea kwenye michezo mingine. Mwaka 2011, kwenye mbio za magari za Daytona 500, kijana wa miaka 20, Trevor Bayne, alishinda bila kutarajiwa. Mwandishi mmoja akapiga makofi jukwaani, kisha akajitetea hadharani, na jarida alilokuwa akiliandikia likaachana naye. Adhabu hiyo naiona kali mno, lakini sababu ya desturi yenyewe naikubali: anayekwenda kumhoji kocha aliyeshindwa hafai kuonekana dakika tano nyuma akimshangilia aliyemshinda.

Redio ni kazi nyingine. Msikilizaji aliyeko Mkokotoni hana macho ila sauti ya mtangazaji, na goli lisilopandisha sauti kwake halijaingia. Norway ilipoifunga Uingereza 2-1 mjini Oslo, Septemba 1981, mtangazaji wa Norway, Bjørge Lillelien, alilipuka hewani akaanza kuwaita kwa majina wakubwa wa Uingereza, Churchill na Thatcher wakiwemo, na hadi leo anakumbukwa kwa hilo. Goli la pili la Maradona dhidi ya hao hao Uingereza, Juni 1986, lilitangazwa kwa machozi na Víctor Hugo Morales kwenye redio ya Argentina, naye ni mtu wa Uruguay. Kilichomliza ni uzuri wa goli.

Kwa hiyo msikilizaji asipime ukelele. Apime kama amejua mpira uko wapi, nani anao, na dakika ya ngapi. Mtangazaji anayepoa sauti wageni wakifunga ndiye aliyemnyima haki yake.

"Kuihoji Zanzibar Heroes ni usaliti"

Desemba 2017 Heroes, timu yetu ya taifa, waliwafunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda, wakafika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati pale Machakos, wakatoka 2-2 na wenyeji Kenya na kulikosa kombe kwa penalti. Mwandishi wa hapa akisema "sisi" katika habari kama hiyo, mimi simlaumu.

Lakini mwaka huohuo, mwezi Machi, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama kamili, na Julai ikatunyang'anya. Habari inayoishia kwenye "tumeonewa" inamwacha msomaji bila sababu. CAF ilisema haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja, na kwamba maana ya nchi inaifuata kwa Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, ambako mwanachama ni Jamhuri ya Muungano. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Kama kanuni ni hiyo, Machi waliutoa kwa msingi gani? Viongozi wetu wa soka walijua nini walipokuwa wakisherehekea? Anayeyauliza hayo anaipenda Heroes kweli.

"Msemaji wa klabu naye ni mwandishi"

La. Mwaka 2022 Simba ilimchukua Ahmed Ally na Yanga ikamchukua Ali Kamwe, wote wakitokea chombo cha habari cha Azam. Walivuka mchana kweupe, na kila anayewasikiliza anajua wanamsemea nani. Wa kutiliwa shaka ni yule anayefanya kazi hiyohiyo huku shingoni amevaa kitambulisho cha chombo cha habari.

"Upendeleo utauona kwenye jezi"

Jezi angalau inaonekana. Upendeleo mzito husafiri kwa boti. Timu ya Unguja inakwenda kucheza Gombani, Pemba, chombo cha habari hakina fungu la safari, na klabu inamwambia mwandishi twende pamoja. Tiketi ya klabu, kitanda cha klabu, chakula pamoja na wachezaji. Njiani kuelekea Mkoani anasikia kwamba mishahara haijalipwa. Akiliandika, safari ijayo jina lake halimo kwenye orodha. Huyu anaweza kuwa hana mapenzi na klabu hiyo hata kidogo, na bado habari yake ikawa ya upande mmoja kuliko ya shabiki.

Dawa kamili ni chombo cha habari kumlipia mtu wake nauli. Kisipoweza, basi mstari mmoja chini ya habari, kwamba mwandishi alisafiri kwa gharama ya klabu. Msomaji akiuona ataisoma habari kwa tahadhari inayostahili, na mwandishi atakuwa na la kumjibu kiongozi wa klabu atakayemuuliza kwa nini aliandika habari ya mishahara.