Breka ikiruka, haimaanishi ni mbovu

Breka ni ile swichi ya usalama inayojizima ("inaruka") umeme ukizidi. Kwenye vyumba vya kupanga vya Busia na Kampala utasikia: "Breka inaruka kila jioni, leta kubwa zaidi." Fundi anatoa ya ampea 20, anaweka ya 32, na kweli haizimi tena. Kila mtu anafurahi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Breka hailindi pasi wala birika lako. Inalinda waya uliomo ukutani. Umeme wa Uganda ni volti 240, kwa hiyo koili (jiko la umeme) ya wati 2,000 inavuta zaidi ya ampea 8, birika la wati 2,200 karibu 9, na pasi ya wati 1,200 ampea 5. Zikiwaka zote pamoja ni ampea 22 na ushee. Breka ya 20 ikivumilia kwa muda kisha ikazima, imefanya kazi yake. Na joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: ukitoka 20 hadi 32, ni mara mbili na nusu, waya ukiwa uleule.

Chomoa kila kitu, kisha washa breka. Ikiruka bila mzigo wowote, hitilafu huenda iko kwenye waya au soketi. Mwite fundi aliyesajiliwa. Ikikaa, rudisha vyombo kimoja kimoja hadi umpate mkorofi. Na soketi iliyogeuka kahawia (mara nyingi ile iliyojificha nyuma ya kitanda) usiiguse, hata kama "bado inafanya kazi".