Mgonjwa anapofungwa kidonda, mwulizeni wimbo wake

Kwenye chumba cha kufungia vidonda, kinachouma kuliko vyote ni kubandua gozi ya jana, yaani kitambaa kinachofunika kidonda. Sisi wauguzi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huilowanisha kwanza kwa maji ya chumvi, tukasubiri, tukaivuta polepole, na bado mgonjwa anakaza meno. Mama mmoja kutoka Kabare, aliyeunguzwa mkono na maji ya bugali, alikuwa anaanza kulia akisikia tu magurudumu ya kitoroli cha dawa kwenye kolido. Maumivu yake yalitutangulia.

Siku ya nne nilimwuliza: “Mama, nyumbani unapenda kuimba nini?” Akataja wimbo wa Mashi, lugha ya kwao, ambao mama yake aliuimba wakipalilia maharagwe. Binti yake aliyekuwa akimlinda akauanza kwa sauti ya chini, wakati dawa ya maumivu ilikuwa imekwisha kushika. Siku iliyotangulia, tulipomwuliza anaumia kiasi gani, alituonyesha vidole nane kati ya kumi. Siku hiyo alionyesha vitano. Vitano bado ni maumivu, lakini hakuvuta mkono, nasi tukamaliza mapema.

Mwaka 1965, watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa mlango. Habari ya maumivu hupitia hapo kabla ya kufika kwenye ubongo, na ubongo wenyewe unaweza kutuma amri mlango huo urudishwe. Hofu huuacha wazi. Mtu akitulia, akili yake ikashikwa na jambo jingine, kinachopita hupungua. Wimbo unaopendwa huufanya pia ubongo utoe dopamini, kemikali ya raha, na ukiwa wa mwendo wa taratibu, pumzi huufuata.

Mwaka 2015 jarida la udaktari la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 73 ya watu wazima waliopasuliwa. Waliosikiliza muziki waliumia kidogo zaidi, wasiwasi wao ulipungua, na walitumia dawa chache za maumivu. Hata waliopigiwa muziki wakiwa wamelazwa kwa nusukaputi walipata nafuu, ingawa ndogo. Uchambuzi huo haukuona tofauti kubwa kutokana na nani amechagua muziki. Mimi, hata hivyo, nashikilia kwamba mgonjwa achague. Katika Kivu yetu, wimbo ambao familia inauona wa faraja unaweza kuwa ndio ulioimbwa kwenye matanga ya mtoto wake wakati wa vita. Ukiona amegeukia ukutani, zima, umwulize kwa upole.

Tiba ya muziki yenyewe ni kazi ya mtu aliyeisomea, na inakwenda mbali zaidi ya kusikiliza. Katika hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wanawake waliotendewa ukatili wametunga na kurekodi nyimbo zao wakisindikizwa na wanasaikolojia. Hicho ni kidonda cha namna nyingine, na hakifai kufunguliwa na mtu asiye na ujuzi.

Lakini ninyi jamaa mnaomlinda mgonjwa, kumwimbia kwa sauti ya chini mnaweza, nasi tunawaomba mfanye hivyo. Mzee aliyekulia kwenye lulanga, ala ya nyuzi ya huku kwetu, mtafutieni lulanga kwenye simu. Anzeni dakika chache kabla gozi haijaguswa. Tumieni waya za masikioni, maana simu tatu zikilia pamoja kwenye sale, chumba cha wagonjwa chenye vitanda vingi, aliye kitanda cha pili anaumia zaidi. Dawa aliyoandikiwa apewe kwa saa yake, kwani wimbo hauchukui nafasi yake.

Na maumivu yakizidi ghafla, tumbo likakaza baada ya upasuaji, au vidole vilivyo chini ya plasta vikafa ganzi na kubadilika rangi, zimeni muziki mara moja mwite muuguzi, hata ikiwa ni usiku wa manane.