Faili jembamba la mkimbiaji aliyerudi nyumbani

Kila Januari meza yangu hujaa bahasha. Ninatunza nyaraka za michezo katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, na sehemu ya kazi hiyo ni kuandaa mafaili ya wanamichezo na makocha wanaopendekezwa kuingia katika ukumbi wa umaarufu wa chuo, yaani mahali chuo kinapowaenzi wanamichezo wake bora. Kura sina. Kura ni za wajumbe wa kamati: wanamichezo wa zamani, mwalimu mmoja au wawili, mtu wa idara ya michezo, mwandishi wa habari mstaafu. Wengi wao hawakuwahi kumwona kwa macho mtu wanayemjadili. Wanachokiona ni faili nililowapa. Faili nene la mchezaji wa kawaida linaweza kulishinda faili jembamba la bingwa, na mafaili membamba kuliko yote niliyowahi kuyashika ni ya vijana wa Afrika Mashariki waliokuja kusoma, wakakimbia, wakarudi kwao.

Ukumbi wenyewe mara nyingi si jumba. Ni korido pana kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, au ukuta mmoja katika ofisi za idara ya michezo, wenye mabamba ya shaba, picha na makabati ya vioo yaliyojaa vikombe. Lakini wazo hilo Marekani lilianzia chuoni kweli. Mwaka 1901 Chuo Kikuu cha New York kilizindua, katika kampasi yake ya Bronx, baraza refu lenye nguzo la kuwaenzi Wamarekani mashuhuri: marais, waandishi, wanasayansi. Mtu hakuweza kuchaguliwa akiwa hai. Palikuwa na sharti jingine ambalo hunijia akilini kila ninapofungua faili la mtu aliyetoka mbali: hapo mwanzo, waliozaliwa nje ya Marekani hawakuruhusiwa kuingia. Sharti hilo liliondolewa baadaye. Mchezo wa besiboli ulipiga kura ya kwanza ya ukumbi wake wa umaarufu mwaka 1936 na kufungua jumba lake katika mji wa Cooperstown mwaka 1939, na vyuo vikafuata kimoja baada ya kingine kuwaenzi wanamichezo wao.

Utaratibu wa vyuo hutofautiana, ila mifupa yake inafanana. Mtu yeyote anaweza kupeleka jina. Mpendekezwa huwa anatakiwa awe amekwisha kumaliza kushindana kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano au kumi, ili shangwe za msimu wa mwisho zitulie kwanza. Kamati husoma, hujadili, hupiga kura. Waliopita hualikwa kwa chakula cha jioni, kisha hutambulishwa uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi ya futiboli ya Kimarekani, siku ambayo wahitimu wa zamani wamerudi kwa wingi. Jina lisilopita hurudi kabatini kwangu, na likikaa bila mtu wa kulisukuma, hukaa humo moja kwa moja.

Sasa mchukue Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, katika mji mdogo wa Pullman, chini ya kocha John Chaplin. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia. Mita 5,000 mjini Berkeley, tarehe 8 Aprili, kwa 13:08.4. Mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle, tarehe 13 Mei, kwa 8:05.4. Mita 10,000 mjini Vienna, tarehe 11 Juni. Mita 3,000 mjini Oslo, tarehe 27 Juni, kwa 7:32.1. Rekodi ile ya mita 10,000 aliyoivunja ilikuwa ya Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake na mwanafunzi wa chuo hichohicho, ambaye aliiweka Helsinki mwaka mmoja tu kabla. Nimesoma mengi ya riadha ya vyuo, na sijui chuo kingine ambacho rekodi ya dunia ya mita 10,000 ilitoka mkononi mwa mwanafunzi wake mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine.

Haya, jaza fomu ya kawaida ya mapendekezo kwa jina la Rono. Ubingwa wa vyuo katika mbio za nyika: 1976, 1977, 1979. Vizuri sana. Unashuka hadi safu ya medali za Olimpiki: hakuna. Mwaka 1976 Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imeruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikicheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow. Safu tupu haielezi hayo. Inakaa tu pale, nyeupe, na mjumbe aliyechoka saa mbili usiku anaipitisha jicho na kuendelea na jina linalofuata.

Mweke kando ya Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso. Mita 10,000 za ubingwa wa vyuo alizishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Tanzania nayo iliisusia Montreal, lakini Moscow ilikwenda, na Nyambui akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Safu yake ikajaa. Ya Rono ilibaki tupu kwa uamuzi wa serikali, wala si kwa upungufu wa miguu yake.

Kwa Rono hilo halina madhara makubwa, maana jina lake linajieleza. Alipofariki Februari 2024, akiwa na miaka 72, watu waliofuatilia riadha dunia nzima walizikumbuka zile siku 81. Ninayemhofia ni yule aliyekuwa akimaliza wa nne au wa sita nyuma yake, aliyeiletea timu pointi za ubingwa msimu baada ya msimu, akaachwa nyumbani na mgomo uleule, kisha akarudi kufundisha shule ya sekondari bila mtu yeyote huku kujua amekwenda wapi. Kwa mafaili ya aina hiyo mimi huongeza ukurasa mmoja wa mbele unaoeleza mwaka ule nchi yake ilikuwa katika hali gani. Baadhi ya wajumbe waliwahi kuniuliza kwa nini naingiza siasa katika riadha. Niliwajibu kwamba siasa iliingia mwaka 1976, mimi naiandika tu.

Kuna ubishi mwingine ambao hauishi, na sitaraji uishe: ni mafanikio yapi yahesabiwe kuwa ya chuo? Mbio za Vienna na Oslo hazikukiletea chuo pointi hata moja. Wapo wanaosema tuhesabu yaliyofanywa kwa jezi ya chuo peke yake. Wapo wanaotaka maisha yote ya mtu yawekwe mezani. Mimi naamini mtu akiwa bado ameandikishwa kama mwanafunzi, analala bwenini na kufanya mitihani ya chuo, alichokifanya ni cha chuo hata kama amekifanyia mwezini. Fikiria Olimpiki ya Seoul 1988. Mita 1,500 zilikwenda kwa Peter Rono, aliyekuwa akisoma Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland. Mita 800 zikaenda kwa Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia. Wote wawili Wakenya, wote wawili walikimbia kwa rangi za Kenya. Je, unaweza kusimama mbele ya wanafunzi wa chuo kidogo kama kile ukawaambia kwamba dhahabu ile haiwahusu?

Niseme kuhusu majina, kwa kuwa hapa ndipo ninapopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Karatasi za matokeo za miaka ya 1970 ziliandikwa na watu waliosikia jina mara moja kwenye kelele za uwanja. Kipkemboi anageuka kuwa Kip, kana kwamba hilo ni jina kamili. Jina la baba linachukuliwa kuwa la ukoo msimu mmoja, msimu unaofuata linaachwa. Herufi zinaruka. Nimewahi kuunganisha watu watatu wa kwenye makaratasi wakawa mtu mmoja, na ghafla pointi zake zikatosha. Kinyume chake kimetokea pia: watu wawili wa ukoo mmoja walioandikwa kama mmoja, na mdogo akawa amemezwa na kaka yake. Bila mtu wa kwao wa kunieleza jinsi majina yao yanavyokwenda, nisingeweza kuwatenganisha.

Halafu kuna vipimo. Hadi katikati ya miaka ya 1970 vyuo vilikimbia zaidi kwa yadi na maili. Maili tatu ni mita 4,828, maili sita ni mita 9,656, kwa hiyo muda wa maili sita ukiuweka kando ya muda wa mita 10,000 bila maelezo, mtu wa zamani ataonekana ana kasi asiyokuwa nayo. Kwa mbio fupi zilizopimwa kwa saa ya mkononi, desturi ni kuongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 ili zilingane na saa ya umeme. Mambo madogo haya, lakini kura moja hugeukia hapo.

Wanawake wana pengo lao, na mimi huliona kuwa baya zaidi. Sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu ilipitishwa mwaka 1972. Mashindano ya taifa ya wanawake wa vyuo yaliendeshwa na chama chao wenyewe, AIAW, hadi mwaka 1982, na NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, ilianza kuwatawaza mabingwa wanawake katika msimu wa 1981–82. Ukifungua kitabu cha rekodi cha NCAA ukaishia hapo, bingwa wa mwaka 1978 hayumo. Inabidi uende kwenye masanduku. Na masanduku ni machache, kwa sababu timu hizo hazikuwa na mtu wa kuandika habari zao. Pat Summitt alipoanza kuifundisha timu ya kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alifua jezi za wachezaji na kuendesha gari la timu yeye mwenyewe. Alistaafu mwaka 2012 na ushindi 1,098 na mataji 8 ya taifa. Kocha anayefua jezi usiku hana muda wa kukata magazeti na kuyabandika kwenye daftari. Kwa makocha kama hao hesabu ya ushindi haitoshi, hivyo huwatafuta wachezaji wao na kuwaomba barua.

Vyuo vingine huenzi timu nzima, na hapo faili hubadilika sura. Mfano unaotajwa zaidi ni Texas Western ya mwaka 1966, chini ya Don Haskins, iliyoanza fainali ya kikapu ya taifa na wachezaji watano weusi ikaishinda Kentucky 72 kwa 65. Mwaka 2007 timu hiyo iliingizwa katika jumba la Naismith, ukumbi wa umaarufu wa mpira wa kikapu. Anayetafuta nyaraka zake ajue chuo hicho kilibadili jina mwaka 1967 na sasa ndicho Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, kilekile cha Nyambui.

Miezi michache iliyopita nilimpata kwa simu mkimbiaji mmoja wa mbio za nyika ambaye faili lake lilikuwa na kurasa mbili. Nilianza kwa shikamoo, naye akanyamaza kidogo kabla ya kuitikia marahaba. Hakutarajia kusalimiwa hivyo na chuo. Nikamweleza shida yangu: ninayo picha ya timu yao, vijana saba, na majina matano tu, mawili kati yake nina hakika si sahihi. Akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "picha hiyo ninayo ukutani."

Wiki tatu baadaye bahasha ilifika. Ndani yake mlikuwa na namba ya kifuani ya kitambaa, pini zake zimeshika kutu, cheti kimoja kilichoanza kulika pembeni, na nakala yake ya picha ileile. Nyuma, kwa kalamu ya wino, alikuwa ameandika tarehe, mahali, nafasi aliyomaliza kila mmoja, na majina yote saba kamili, kuanzia kushoto kwenda kulia.