"Nikishamaliza nyumba nitafurahi": dhana zinazonichosha katika chumba cha ushauri

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Chake Chake, hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kama hii: "Nikishamaliza nyumba nitafurahi." Wengine huweka ndoa mahali pa nyumba, wengine ajira ya serikali au msimu mzuri wa karafuu, lakini hesabu ni ile ile: furaha iko mbele, na siku za katikati ni za kupitia tu. Nakiri kwamba dhana hii hunikera, kwa sababu mara nyingi anayeishikilia anayo furaha mkononi na anaimwaga.

Alinijia bwana mmoja aliyejenga kwa miaka tisa, akahamia, na mwezi wa nne tangu ahamie akaanza kukosa usingizi kwa kuwaza vigae vya jirani. Nilipomuuliza jana yake ilikuwaje, alijibu kuwa hakukuwa na kitu. Nikambana. Ikadhihirika kwamba baada ya sala ya magharibi alikaa na mama yake wakichambua karafuu, makonyo yakirundikana upande mmoja, huku bibi akiwachekesha wajukuu kwa kisa cha mchumaji aliyeng'atwa na majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, hadi akasahau ngazi iko upande gani. "Ile kazi tu, daktari," akaniambia, ingawa mimi si daktari.

Ukweli ni kwamba moyo huzoea. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya washindi 22 wa bahati nasibu huko Illinois, Marekani, na wakaona kuwa hawakuwa na furaha kuzidi majirani zao kwa kiasi cha kutajika. Zaidi ya hayo, mambo madogo kama kuzungumza na rafiki au kula chakula cha asubuhi yaliwapa ladha ndogo kuliko wenzao. Idadi hiyo ni ndogo, na utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kwamba waliopata fedha nyingi kwa bahati nasibu waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao kwa miaka mingi, lakini furaha yao iliongezeka kwa kiasi kidogo zaidi. Kuridhika na kufurahi, basi, ni vitu viwili, na nyumba huleta cha kwanza kwa urahisi kuliko cha pili.

Kiswahili kilikwishavitenganisha kabla ya watafiti. Iko raha ya mwili baada ya kuoga maji baridi adhuhuri; iko bashasha ya kukutana na rafiki uliyepoteana naye; iko faraja ya aliyekuja kukaa nawe msibani bila ya kusema neno; na iko ridhaa ya kutazama jamvi la karafuu zilizokauka vizuri. Mteja akiniambia hana furaha, humtaka kila usiku ataje jambo moja la siku ile na aliite kwa jina lake kati ya hayo manne, kwa sharti kwamba lisiwe kitu kilichonunuliwa. Huniona msumbufu, na sijali.

Wapo pia wanaosema mwenye furaha huonekana kwa kicheko. Si kweli: mwanasaikolojia Jeanne Tsai wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonesha kwamba jamii hutofautiana katika furaha zinayoitamani, baadhi zikitaka msisimko na nyingine utulivu. Mzee anayekaa barazani kimya na kikombe chake cha kahawa hahitaji kuulizwa ana nini.

Fedha nayo husingiziwa kuwa haina lake. Anayesema hivyo hajalala na mtoto mwenye homa bila ya nauli ya kwenda hospitali.

La mwisho ni lile la kumwambia mwenye sonona ashukuru alichonacho, kana kwamba ugonjwa wake ni upungufu wa imani. Mtu aliyepoteza ladha ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikamtoka, hawezi kuonja raha ndogo ndogo ninazozihubiri, na kumlazimisha kuzitaja ni kumwongezea lawama. Huyo simpi zoezi langu. Namwandikia barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili, na jamaa zake nawaomba wamsindikize.