“Glide” halikuzaliwa uwanja wa ndege

Wiki iliyopita limenirudia tena kosa lilelile la kutafsiri “glide”, kitenzi cha Kiingereza cha mwendo laini usiokatika. Matini ya Kiingereza ilisema mashua “glided” ikaingia bandarini jua likizama. Mfasiri, kijana mwenye bidii na Kiswahili kizuri, akaandika: “Mashua ilipaa bila injini ikaingia bandarini.” Nilipomuuliza, akanijibu kwa utulivu kabisa: “Mwalimu, glide ni ya ndege. Hapa wametumia sitiari tu.”

Jibu hilo nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwa wahariri wenzangu, na kuna mteja aliyewahi kunirudishia kazi akitaka niongeze “hewani” kwenye sentensi iliyomhusu nyoka. Nimechoka kulijibu kwa mdomo kila mara, kwa hiyo leo naliandika, pamoja na madai mengine ninayoyasikia kuhusu neno hili.

“Glide ni neno la ndege, kwingine kote ni sitiari”

Sivyo. Ni kinyume chake, na ushahidi upo wazi kwa yeyote atakayesoma maelezo ya asili ya neno badala ya kuishia kwenye maana ya kwanza inayotokea kwenye simu.

Kitenzi hiki ni cha Kiingereza cha kale, kilipokuwa kikiandikwa glīdan. Ndugu zake wako hai hadi leo: Wajerumani wanasema gleiten, Waholanzi glijden. Kwenye utenzi wa Beowulf, ambao nakala yake pekee iliyobaki iliandikwa takriban mwaka 1000, kuna vijana wawili wanaoshindana kuogelea katika bahari ya baridi kali. Wanakata maji kwa mikono, na mtunzi anasema “glidon”, walikwenda hivyo juu ya bahari. Hapo hakuna bawa wala hewa, ni miili miwili ndani ya maji ya chumvi.

Kuna na shairi la vita vya Brunanburh, vilivyopiganwa mwaka 937, lililohifadhiwa ndani ya kitabu cha historia cha Waanglo-Saksoni, Waingereza wa kale. Humo jua linachomoza alfajiri na kupita juu ya nchi mpaka linapotua, na kitenzi kilichotumika ni hikihiki. Karne nyingi baadaye, katika shairi la Mwingereza Wordsworth lenye tarehe ya Septemba 1802, kinachokwenda hivyo ni mto Thames, unaopita chini ya daraja la Westminster kwa hiari yake mwenyewe. Waogeleaji, jua, mto. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeazima kitu kwa rubani, maana rubani alikuwa hajazaliwa.

Ndege ninayokubali kuwa ya kale katika historia ya neno hili ni ile yenye manyoya. Waingereza wa zamani walimwita mwewe “glida”, jina lililotoka kwenye kitenzi hikihiki. Baadaye likawa “glede”, na katika Biblia ya King James ya mwaka 1611 bado limo, Kumbukumbu la Torati 14:13, kwenye orodha ya ndege wasioliwa.

Anayetaka kuelewa kwa nini walimpa jina hilo aende soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, watu wanapopaa samaki. Ainue macho, amchague mwewe mmoja na asimwachie. Mwewe hapigi mabawa. Ameyatandaza yakatulia, na kinachofanya kazi ni mkia, unaopinda kushoto na kulia kama usukani. Anashuka kwa mshazari, anapita juu ya vichwa vya watu bila sauti, ananyoosha kucha, utumbo wa samaki umeondoka mezani. Hapo ndipo anapopiga mabawa, kwa sababu sasa ana mzigo na anataka kupanda. Kile kipande cha kwanza, kabla mabawa hayajapigwa, ndicho “glide”. Kupaa kulikofuata ni jambo jingine na lina vitenzi vyake.

Vyombo vya angani vilikuja mwisho kabisa. Mwaka 1852 Mwingereza George Cayley alichapisha maelezo ya chombo chenye mabawa yasiyopigwa na kisicho na injini, ambacho leo kila mtu angekiita glaida. Yeye alikiita parachuti inayoweza kuongozwa! Chombo kilikuwepo, jina halikuwepo. Ni katika miaka ya 1890, Mjerumani Otto Lilienthal alipokuwa akijirusha kutoka vilimani mara kwa mara, safari zipatazo 2,000 hadi ajali iliyomuua Agosti 1896, ndipo “glider” ilipoanza kuzoeleka kama jina la chombo cha namna hiyo. Kabla ya hapo ilikuwa nomino ya kawaida tu, kwa chochote kinachokwenda hivyo. Kutoka Brunanburh hadi Lilienthal ni zaidi ya miaka 950. Kama kuna aliyeazima, ni uwanja wa ndege.

Kwa nini nalipigia kelele? Kwa sababu kosa hili linaharibu tafsiri nzima. Mfasiri aliyeshika wazo la anga hutafuta kitenzi cha anga, na asipokipata huandika maelezo marefu ya injini na mabawa ndani ya sentensi iliyokuwa na maneno sita. Kiini cha neno ni namna mwendo unavyoonekana kwa anayetazama: kitu kinasogea, lakini huoni hatua, husikii kishindo wala huoni mahali mwendo ulipokatika na kuanza tena. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa hilo. Mashua inaserereka. Nyoka ananyiririka. Mto unatiririka. Mwewe anaelea ametandaza mabawa. Anayepita kando ya ukuta au ufuko bila kuugusa anaambaa. Kitenzi kimoja cha Kiingereza kinagawanyika kwetu kufuatana na anayekwenda, na hilo si upungufu. Mimi kuserereka ndiyo silaha yangu ya kwanza, na inasikitisha jinsi isivyoonekana kwenye kazi ninazoletewa. Kuteleza nawasihi muwe nayo makini: anayeteleza kwetu mara nyingi ameponyokwa na mguu, na mashua iliyoteleza ina hatari ndani yake ambayo mwandishi hakuiweka.

“Lazima iwe polepole”

Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 14, anamwonyesha shujaa wake Thopas akimpanda farasi na kushika njia. Kitenzi ni hiki, na mfano anaouweka palepale ni cheche inayoruka kutoka kwenye kijinga cha moto. Cheche haiendi polepole. Kinachotakiwa ni mwendo usiokatika, kasi yoyote iwayo.

“Ni neno la sifa, la vitu vizuri”

Mwanafunzi akiliona huongeza “kwa madaha” hata pasipo na madaha. Kwa Shakespeare, katika A Midsummer Night’s Dream, wanaokwenda hivyo ni mizimu inayotoka makaburini usiku na kuzagaa kwenye vijia vya kanisani. Katika As You Like It ni nyoka wa kijani aliyejiviringisha shingoni mwa mtu aliyelala. Akishtuliwa, anajifungua na kutokomea kichakani kwa mwendo wa kujipindapinda, na hapo neno limetumika kama nomino, kwa wingi. Ukimwandikia nyoka huyo madaha, umemfukuza msomaji kwenye hofu aliyotakiwa kuwa nayo. Ukimya wa mwendo unaweza kupendeza na unaweza kutisha. Anayeamua ni aliyekuja, siyo kitenzi.

“Maana yake ni kwenda injini ikiwa imezimwa”

Muulize rubani yeyote anayetua kwa kufuata mionzi ya redio ya uwanja. Mstari wa mshuko anaoufuata, kwa kawaida wa pembe ya nyuzi 3 hivi, unaitwa “glide slope”, na injini zake zinawaka muda wote.

“Limetoka Kifaransa, kwa glisser”

Hapana. Glisser yenyewe imetokana na Kifaransa cha zamani glier, na hiyo waliitoa kwa Wafranki, watu wa lugha ya jamii moja na Kijerumani, kutoka shina lilelile la glide. Umbo lake la sasa lilichanganywa na neno la barafu. Hata “glissando” ya wanamuziki, inayosikika kama Kiitaliano, imeundwa juu ya glisser hiyo. Basi Kifaransa ndicho kilichopokea.

“Kiyeyusho kinaitwa hivyo kwa sababu sauti inayeyuka”

Hili linawahusu wanaosoma isimu ya Kiswahili, nami hukutana nalo kila muhula. Sauti w na y kwa Kiingereza huitwa “glides”, kwetu viyeyusho. Waliotuundia istilahi walichagua picha ya kuyeyuka, na wanafunzi wakaishika picha wakaliacha jambo. Matokeo yake wanaandika kwamba katika “mwalimu” irabu u imeyeyuka na kupotea. Ingekuwa imepotea, tungekuwa na “malimu”.

Wanafonetiki wa Uingereza wa karne ya 19, akiwemo Henry Sweet katika kitabu chake cha mwaka 1877, walilichukua neno hili kwa maana yake ya kale kabisa: kinywa kinahama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine bila kusimama njiani, na sauti inayosikika wakati wa kuhama ndiyo “glide”. Jaribu sasa hivi. Viringa midomo useme u, ushikilie, kisha ufungue taratibu uende kwenye a bila kukata pumzi. Rudia kwa haraka, tena kwa haraka zaidi. Utasikia wa. Hakuna ulichoongeza na hakuna kilichoyeyuka. U imepunguziwa muda na kunyang’anywa silabi yake. Mu-a-li-mu ni silabi nne, mwa-li-mu ni tatu. Vi-akula ikawa vyakula kwa njia hiyohiyo, ulimi ukihama kutoka i kwenda a. Viatu haikufanya hivyo, bado tunasema vi-a-tu kwa silabi tatu kamili, ndiyo maana hakuna anayeandika “vyatu”. Nawaambia wanafunzi wangu waweke kidole mdomoni wakisema mwalimu na vyakula. Anayehisi midomo na ulimi vikisafiri hahitaji kukariri ufafanuzi.

“Wakati uliopita ni glid, kama slide na slid”

Kwenye mtihani na kwenye kazi ya mteja andika “glided”. Zamani kitenzi hiki kilibadilika kwa irabu: kwenye shairi la Brunanburh jua “glad”, kwa Chaucer Thopas “glood”. Kwa hiyo ukikuta umbo la namna hiyo kwenye matini ya kale usilisahihishe, na ile “glad” ya Brunanburh, nawaomba sana, msiitafsiri kuwa jua lilifurahi.